Kabari za Injinia wa Malaba

Alhamisi.

Injinia! Hata mpini wa jembe langu nisingempa akaze.

Tangu huyu fundi wa magari aiongezee kimo pikapu ya binti yangu Athieno ili ipite matope ya Kirewa, usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Leo akasema ameinamisha ekseli ya mbele kwa kabari mbili, imepona. Nikalala chini nikatazama. Kabari ya kushoto, upande mnene uko nyuma. Ya kulia, uko mbele, ilhali zote zapaswa kuelekea upande mmoja!

"Mama mzee, hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Basi mtaalamu, panda uendeshe mpaka mpakani, mimi nakaa kando yako."

Akakuna kichwa, akachukua spana, akaigeuza moja.

Sasa usukani unarudi, lakini pua ya difu, pale shafti inapoingia kuzungusha ekseli, imeinama mno na shafti ya mbele inatetemeka mpaka meno yanagongana. Ati tutazoea. Azoee yeye na ukoo wake.

Naogopa. Shafti ikikatika barabara kuu, katikati ya yale malori...

Nimeficha ufunguo, kesho Athieno haendi sokoni. Amekasirika, amekataa hata uji wangu. Anune. Mwanangu akininunia, najua yuko nyumbani.