Umuache Jémima Aandike Peke Yake

Ixelles, Bruxelles
Dimanche, tarehe 17 novembre 2013

Mpendwa yaya Victorine, dada yangu mukubwa,

Jambo yako, yaya, jambo ya papa Amissi, jambo ya nyumba yote mpaka na kuku, kama hamujazimaliza kula. Mugongo yako inaendelea namna gani? Dawa nilituma ilifika? Miye niko muzima. Ni baridi tu. Nalala na koti, siku moja nitasahau, nitaoga nayo.

Nakuandikia, sikupigi simu, sababu mu simu mutoto wangu Jémima anakuwaka pembeni yako anasikiliza, na mambo ya leo ni yake. Maman Berthe anarudi Lubumbashi kesho kutwa, yeye njo atakuletea hii barua.

Bon. Biashara iko. Pa Porte de Namur nauza mikaba, bonnets ya baridi na miavuli. Jua ikitoka naomba Mungu alete mvua, bazungu bananiangalia vibaya.

Lakini kila samedi, jumamosi asubui, nasafisha salle moja, chumba kikubwa karibu na barabara ya chaussée d'Ixelles, na mule njo bachinois banafundishaka batoto yabo kuandika kichinois. Batoto ba miaka tano, sita. Yaya, ile kazi si muchezo. Banaanza bila bic, bila kalamu yoyote. Banainua kidole, banaandika mu hewa bote pamoja, banahesabu kila mustari. Ya juu inatangulia, ya chini inafuata. Ukigeuza, hata kama mwisho inafanana, madame Chen, mwalimu yabo, anafuta, unaanza tena. Kisha banafungua cahier, daftari ya viboksi, kila neno na kiboksi yake.

Kila mutoto anakaa na muzazi. Muzazi anaangalia kama mistari inafuatana muzuri, anaweka signature chini. Mutoto moja mwanamuke, Yun, hakukuwa na muntu. Mama yake alibakia kwabo, baba anapika mu restaurant. Mu septembre madame Chen akaniona na fagio yangu.

« Monsieur Guylain, kaa hapa. »

« Madame, miye hata kifaransa niliiachia mu quatrième primaire, darasa ya ine. »

« Njo vizuri. Hautamufanyia kazi yake. »

Nikakaa mu kiti ya batoto, magoti ikafika ku masikio. Samedi nane nilikaa pale. Yun njo alinifundisha miye. « Muntu » mu kichinois ni mistari mbili tu, inaegemeana. Yangu ikatoka mu kiboksi. Nikamuambia Yun: huyu muntu anapita mupaka bila visa. Hakucheka.

« Tonton, futa. »

Yun kuniita tonton, kama mujomba tu, ni haki yake, miye si baba yake. Lakini ile simu ya mwezi ulipita, Jémima naye aliniita tonton. Ulinisikia nacheka. Kisha kukata simu sikucheka, yaya.

Jana baba yake Yun alikuja, sasa banamupa samedi ya kupumzika. Akakaa mu kiti. Ni vizuri, mutoto akae na baba yake. Nikafagia couloir ya inje ya salle mara tatu. Ilikuwa safi tangu ya kwanza.

Donc, naomba kitu kimoja. Mu zile barua unatumaka, Jémima anaandika « papa » muzuri sana, lakini najua ni mukono yako juu ya mukono yake. Sikulaumu, ulifanya juu yangu. Lakini nilimuacha na miaka mbili, ule mukono yake sijauona ukifanya hata kitu. Sasa yuko première primaire, darasa ya kwanza. Umupe karatasi, kisha utoke mu chumba. Ikipinda, iache ipinde. Nitaangalia alianzia wapi, aliinua bic wapi, wapi alichoka. Hiyo njo nilijifunza huku.

Unisalimie papa Amissi, Antoinette na batoto yake, na bote ba kanisa banaoniulizaka. Mungu akae ku mulango yenu, na ku mugongo yako apitishe mukono.

Mudogo wako, anayekupenda kuliko anavyosemaka,

Guylain

Kama ataandika « tonton », usifute. Tuma vile.