Kufunga Breki kwa Makalio

Jumatatu, 8 Januari

Nimepata kazi! Duka la kukodisha skii, zile fito bapa za kufunga miguuni, chini kabisa ya mlima. Bosi ni mzee wa masharubu, maneno yake machache. Aliuliza kama najua kuteleza nazo kwenye theluji. Shangazi alikuwa amenifunda njiani: mtu mzima akikuuliza, itikia ndiyo, usijikunyate kama kifaranga kilichonyeshewa. Nikaitikia. Akauliza, na ubao je? Nikaitikia tena. Theluji yenyewe nimeijua mwezi wa kumi na moja.

Kazi ni kukausha viatu vya wateja na kuvipulizia dawa ya harufu. Wiki hii ni majaribio. Bosi akiridhika nitabaki mpaka theluji iishe, na nitapewa chumba cha juu ya duka. Chumba changu! Kwa Shangazi nalala na mapacha wake. Mmoja anapiga mateke, mwingine anaimba usingizini.

Jumanne, 9 Januari

Bosi ametangaza: Jumamosi nitamsaidia mwalimu wa watoto. Kutoka kileleni hadi chini, mimi nyuma ya foleni, kuokota wanaoanguka. Wewe si unajua, akasema. Nikasema asante. Asante!

Nimemweleza fundi anayenoa kingo za skii. Alicheka mpaka akaweka tupa chini.

"Sasa mdogo wangu, mwokotaji ataokotwa na nani?"

Akanishauri nimwambie mzee ukweli. Nilienda mpaka mlangoni pa ofisi. Bosi akainua macho. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Jumatano, 10 Januari

Mazoezi baada ya kazi, kwenye kilima cha watoto. Fundi ndiye mwalimu wangu. Ncha za mbele zikaribiane, visigino viachane — hiyo ndiyo breki. Nimeelewa vizuri sana. Miguu ndiyo haikuelewa. Nimefunga breki kwa makalio mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nikapita katikati ya familia iliyokuwa inapigwa picha. Nimo kwenye picha yao. Nimeomba samahani kwa kila mtu, pamoja na nguzo ya bendera.

Mtoto wa miaka minne hivi alinipita akila biskuti.

Alhamisi, 11 Januari

Leo ubao, ule mmoja mpana wa kutelezea. Fundi alidhani huenda kipaji changu kiko huko. Hakiko. Miguu yote miwili inafungwa pamoja, kama kuku anayepelekwa sokoni. Nimeanguka mbele, nyuma, na mara moja nikiwa nimesimama tu.

Shangazi amewatumia ndugu wote picha yangu nimeshika skii. Baba amejibu kwa ujumbe wa sauti: alijua siku zote kwamba nina kitu, ila nakificha. Nimemsikiliza mara tatu. Naandika nimelala kifudifudi, kukaa hakuwezekani.

Ijumaa, 12 Januari

Nimeteleza mita kumi na tano na nikasimama! Fundi anasema kilichonisimamisha ni uzio.

Jumamosi, 13 Januari

Niko kileleni. Naandika kwa penseli, vidole havisikii.

Viti vinavyoning'inia kwenye waya vilitufikisha saa nne. Watoto tisa. Mwalimu wa watoto akatangulia, wakamfuata mmoja mmoja. Wa mwisho, kisichana chenye kofia ya njano, akaniuliza mbona siji. Nikasema nakuja. Alinitazama kama mama mkwe, akaenda.

Chini ni mbali mno. Nyuma ya watoto hakuna mtu.

Mwendesha viti aliniona nimekaa, akampigia Bosi simu ya upepo, akanikabidhi. Bosi akauliza kama skii imekatika. Jibu lilikuwa limeshaandaliwa, ni kuitikia tu.

"Hapana, mzee. Skii ni nzima. Mimi ndiye sijui, na sijawahi kujua. Watoto wanashuka bila mtu nyuma."

Simu ikakwaruza. Bosi akasema:

"Kaa hapo hapo."

Nikamwona anapanda kiti kule chini, mdogo kama kifungo cha shati. Amefika. Hakunisalimia. Akasema watoto wamefika salama, wote tisa. Akauliza, na ubao je? Nikasema hapana. Masharubu yakatikisika. Baridi au kicheko, sijui.

Sasa yuko na mwendesha viti ndani ya kibanda chake. Mlango umefungwa, nawaona kwa kioo lakini siwasikii; sijui wanapanga nitakavyoshuka au nitakavyofukuzwa. Bosi anaonyesha kwa kidole: viti vinavyoshuka. Halafu mteremko. Halafu mimi.

Kidole bado kiko kwangu.