Tumbo Langu na Sinia la Zuena

Jumatatu, 6 Juni 1966
Leo elimu ya Ulaya imenipigia hodi. Daktari mzima, na miwani yake, hawezi kuendelea na kazi bila tumbo langu.

Nilikuwa mkahawani, chai na mkate wa bofulo kama kila siku. Akaingia Mwadime, yule Mtaita anayemfanyia kazi daktari Mzungu. Kapu la vikopo mkononi. Daktari anachunguza vijidudu vinavyoishi matumboni mwa watu. Havifanani, asema. Vya Wazungu mbali, vya watu wa bara mbali, vyetu wa pwani mbali. Anavipanda kwenye visahani vya kioo, anaviangalia vikiota. Mbegu yake inatoka chooni. Ndiyo kazi ya vikopo.

Anatafuta nyumba inayokula sinia moja. Nikamwambia umefika. Nyumba ya dada yangu Zuena, Kibokoni, watu sita, mkubwa wa sinia mimi. Nikamweleza na ini la papa nililolimaliza peke yangu kule Lamu. Ameandika yote.

La papa ni kweli. La sinia nimelitia chumvi.

Jumatano, 8 Juni
Kazini Liwatoni, nimepaka rangi ubavu mmoja wa mashua. Leo Mwadime alikwenda kwa Zuena.

Miaka miwili sijala pale. Nilikuwa nasimulia papa niliyemfunga kwa kilemba changu. Athumani, mkwe wa Zuena, akacheka mpaka wali ukamtoka mdomoni. "Mjomba, juzi samaki huyo alikuwa chewa!" Wakacheka wote. Nikatoa mkono, nikanawa, nikaapa sitautia tena humo. Nikangoja barazani kwangu wanifuate. Siku ya kwanza. Ya pili. Basi.

Jioni Mwadime kaniambia Zuena amekubali. Alimuuliza habari yangu, na Mzee Shee ni wa sinia hili? Akajibu, "Kaka yangu huyo. Wa hapa hapa."

Sijui kwa nini alisema hivyo. Nimeshindwa kumaliza chai.

Ijumaa, 10 Juni
Nimetoa kopo langu. Namba sita. Sitaandika zaidi, ila nimemwambia Mwadime alishike vizuri, hiyo ni mali.

Jumapili, 12 Juni
Maharage. Hakuna wa kumsimulia.

Jumatatu, 20 Juni
Mambo yameharibika.

Mwadime alikuja uso umemshuka. Vikopo vitano vya nyumba ya Zuena vimeota karibu sawasawa. Cha sita mbali kabisa. Kimefanana na vya wale makuli wa bara wanaokula hotelini, sembe na maharage, kila mtu na sahani yake. Daktari anasema haiwezekani. Mtu hali sinia moja na wenziwe kila siku akatoka na tumbo la kuli. Kwa hiyo Mwadime amechanganya vikopo. Wiki ikiisha atamtoa kazini.

"Sikuchanganya, Mzee. Wallahi sikuchanganya." Mkristo yule, akaapa kwa kiapo chetu.

Nikamwambia Wazungu hukosea. Nikamsimulia habari ya nahodha Mzungu niliyemwonyesha njia ya kuingia bandarini. Hakucheka. Hakusikiliza hata.

Jumanne, 21 Juni
Sikwenda kazini. Nina miaka khamsini na mbili, sijapata kumwambia mtu yeyote kwamba nala peke yangu. Wote mkahawani wananiona nikila peke yangu. Lakini kusema ni jambo jingine.

Mwadime ana watoto wanne Voi.

Jumatano, 22 Juni
Nimekwenda kwa daktari. Nimevaa kanzu ya Idi. Njia nzima nilitunga maneno, kwamba nilisafiri, kwamba nilirogwa. Nilipofika yakanitoka mengine. Kopo ni langu, Mwadime hakuchanganya. Sinia lile sijaligusa miaka miwili. Nala mkahawani, peke yangu.

Mwadime akatafsiri, macho chini. Daktari hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akachukua kalamu, akafuta jina langu kwenye watu wa nyumba ya Zuena, akafungua ukurasa mwingine. Mweupe wote. Jina langu juu, basi, hakuna la pili chini yake. Niliutazama mpaka akafunga daftari.

Mlangoni Mwadime akanishika mkono. "Ahsante, Mzee. Na yule papa je?"

"Papa ni kweli."

Alhamisi, 23 Juni
Mwadime alipita kwa Zuena kurekebisha karatasi. Kwa hiyo wanajua niliyokiri. Nimefunga mlango mapema.

Ijumaa, 24 Juni
Baada ya sala nilipita mbele ya nyumba ya Zuena. Kila Ijumaa mimi hupita hapo, upande wa pili wa njia, mwendo wa haraka.

"Shee! Huko unakokimbilia kila Ijumaa kuna nini?"

Nikamwambia nimeshiba.

"Nani kakuuliza kama umeshiba? Nawa mikono."

Athumani akasogeza goti, nafasi ikapatikana. Hakuna aliyetaja papa wala vikopo. Samaki wa kupaka, wali wa nazi. Zuena alinisukumia kichwa cha samaki, kama alivyokuwa akifanya zamani. Nilikula polepole, sikusimulia chochote.

Alasiri yote nimeshinda chooni. Mara nne, na hii naandika kati ya ya nne na ya tano. Tumbo hili, linalosifiwa Ulaya, limeshindwa na nazi ya dada yangu.

Kwa Zuena hawajui habari hii. Nimewaambia kesho nitakuja tena.