Volti Kumi na Nne

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umetulia na karakana mpya wanakuheshimu. Sisi huku wazima. Mgonjwa wetu ni mmoja, pikipiki ya Mama. Juzi ilimzimikia njiani akienda kuzalisha, akamalizia kwa miguu, mkoba wa ukunga begani. Mtoto alimtangulia kufika. Mzazi na mtoto wako salama.

Betri ni ya pili mwaka huu. Baba Mdogo amekuja, akalipiga tairi teke, akasema mashine imechoka. Jumapili ya tarehe 30 analeta gari aichukue akaivunje vipuri. Mama amekubali kwa kuchoka tu. Bila pikipiki atarudishwa wodini, na vijiji vya juu vitabaki bila mkunga. Mimi sijakubali. Nimeazima mita kwa mwalimu wa fizikia. Niambie nianzie wapi.

Bintiyo

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haupendi kuulizwa. Msalimie Mama yako, mwambie nimesikia na nimeumia.

Betri hiyo ndiyo mbovu. Siku hizi wanauza maboksi matupu. Fundi hahitaji mita: bonyeza honi, ikilia kama mbuzi mwenye mafua, betri imekufa. Nyaya nilizifunga mwenyewe, hazina kosa, kwa hiyo usizichokonoe. Utajikaanga na vitabu vyako. Betri nyingine ikishindwa, basi mwacheni Baba Mdogo aichukue.

Babako

18 Machi

Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Nimekukaidi, kwa hiyo nisome hadi mwisho ndipo ukasirike.

Betri imechajiwa kutwa nzima kwa fundi redio. Ikiwa imetulia, mita ilisoma volti kumi na mbili nukta saba. Nzima kabisa. Nikawasha injini, nikaongeza resi. Kama injini inachaji, mita inatakiwa ipande hadi karibu kumi na nne. Haikupanda. Ilishuka: kumi na mbili nukta nne, nukta tatu, nukta mbili. Betri haina kosa, ni kama mtu anayetumwa kazi bila kupewa chakula.

Nikapima koili iliyo ndani ya injini, ile inayozalisha umeme. Umeme unatoka, na nikiongeza resi unazidi. Yaani unazaliwa ila haufiki. Na katikati ya koili na betri kuna rektifaya tu, kile kifaa kinachougeuza umeme uweze kuingia kwenye betri. Tangu asubuhi sijahisi njaa.

Honi, kwa taarifa yako, inalia vizuri.

Bintiyo

22 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, na nimeipata.

Niliazima rektifaya ya jirani, nikaifunga. Hali ileile. Nikaketi sakafuni nikaitazama mashine mpaka Mama akauliza kama naumwa. Kisha nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa rektifaya, injini ikiunguruma. Inatakiwa isome karibu sifuri. Ilisoma zaidi ya mbili.

Nikaifungua. Chini yake kulikuwa na rangi. Ile nyekundu uliyoipaka fremu nzima wiki moja kabla hujaondoka, tabaka tatu, ukairudishia rektifaya juu yake. Baba, hii haina waya wa hasi. Inarudisha umeme kwa mwili wake, chuma kwa chuma, na wewe ukauvalisha koti lisilopitisha umeme.

Nilifikiri nikuandikie tu kwamba imepona. Lakini ungejua nimekuficha, na mimi pia ningejua. Nikachukua msasa, nikakwangua mpaka chuma kikang'aa. Nikaifunga tena, nikawasha injini, nikapima betri: kumi na nne nukta mbili. Mama akauliza, "Hiyo namba ni nzuri?" Nikaitikia. Akaniambia nisogee, akapanda.

Ila Baba Mdogo anasema siku moja si kupona, na vipuri ameshaviahidi kwa watu. Anayeweza kumzuia ni wewe tu. Namkimbilia dereva wa basi na barua hii.

Bintiyo

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Humu ndani mna barua ya Baba Mdogo, mpe mkononi wala usiifungue. Najua utaifungua: nimemwambia gari lake lije tupu na lirudi tupu.

Nilikasirika siku mbili. Nikamlalamikia fundi mwenzangu kwamba shule imekuharibu. Katikati ya maneno yangu nikakumbuka kitu, nikaacha chakula mezani. Tangu nifike hapa nimepaka rangi pikipiki tisa. Watu wanazisifia, wanaleta ndugu zao. Wanne wamerudi wakilia na umeme, na wote niliwaambia ni betri.

Leo nimemwita wa kwanza nikaifungua rektifaya ya pikipiki yake huku akiona. Chini yake rangi ya bluu, safi, niliuona uso wangu humo. Nilimwambia kosa ni langu. Akaniuliza nimelijuaje.

Nimepata mita. Ina alama nyingi nisizozijua. Niandikie hatua zako zote, ncha hii iwekwe wapi, ile wapi, isome ngapi. Andika kwa herufi kubwa, maana itabandikwa ukutani na tutaisoma sote. Usikawie. Watatu waliobaki wanakuja Jumatano, na nimewaambia wavumilie, nasubiri jibu la fundi.

Babako