Selotepu Chini ya Bakuli

Pell Creek, Ohio
4 Februari 2018

Kwako mdogo wangu Wendell,

U mzima? Mama amenikalia kooni nikuulize hilo kwanza kabla sijaanza kukutukana, basi nimeuliza. Mimi sijambo. Mama moyo unamsumbua, ngazi hapandi tena, analala kwenye kochi la sebuleni. Nakuandikia kwa sababu simu yako siku hizi inapokewa na msichana wa ofisini, na haya si ya kumwambia msichana wa ofisini.

Nimekisoma kitabu chako kipya, hicho cha Wamarekani tusivyoaminiana. Vile viwili vya kwanza vilikuwa vya siasa, nikanyamaza. Siasa kila mtu ana zake. Lakini hiki! Sura nzima umeuandika mji wetu, na chumba cha chini cha kanisa letu, na wanawake wanaoleta chakula cha msiba. Eti tumefika mahali mwanamke wa Ohio anabandika selotepu chini ya bakuli lake na kuandika jina, kwa kuogopa jirani asiliibe. Wendell, una wazimu? Na bakuli ulilolitolea mfano ni la Mama. "V. Lutz," umeandika vilevile, kana kwamba huku hakuna ajuaye kusoma.

Jumapili Mama aliingia jikoni pale kanisani, wenzake wote wamo. Bi. Stroud, shoga yake tangu usichana, akamwambia, "Verna, bakuli lako lile pale. Hatujaliiba." Mama alivaa koti lake akarudi nyumbani. Hajaenda tena.

Ninachotaka ni kimoja. Uje, usimame katika chumba kile Jumapili baada ya ibada, useme ulikosea, Mama akiwa bado yupo wa kukusikia.

Dada yako,
Nadine


New York
21 Februari 2018

Dada Nadine,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi mzima, ila usingizi sipati. Kila siku mji mwingine, ukumbi mwingine.

Barua yako imenikuta nimechoka, nayo imenichosha zaidi. Kitabu hakimhusu Mama, kinahusu nchi. Selotepu ni mfano tu. Msomaji wa mbali anataka kitu cha kushika mkononi. Na utaniambia watu wa mji huo wanaaminiana? Si wewe uliyeniambia kwamba tangu uchaguzi ule wa rais watu wanavuka barabara ili wasisalimiane? Au niliota?

Bi. Stroud ana ulimi mrefu tangu zamani. Mwambie Mama asimjali. Nitakuja Pasaka, tutazungumza.

Mdogo wako,
Wendell


Pell Creek
9 Aprili 2018

Wendell,

Hujambo, sisi hatujambo, salamu zimeisha.

Pasaka imepita. Mama alitaka paja la nguruwe liokwe kwa asali kama unavyopenda, nikalioka. Tukangoja. Saa kumi akaniambia, "Hebu washa televisheni, labda yumo." Na kweli ulikuwemo! Umekunja nne, unamweleza mtangazaji habari za selotepu, naye anacheka mpaka anafuta machozi. Mama alitazama hadi mwisho. Akasema tu, "Amekonda."

Ngoja nikufundishe, bwana mwandishi, maana naona umesahau ulikozaliwa. Baba alipokufa, Mama alilala akaugeukia ukuta. Haongei, haogi. Mchungaji akaja, daktari akaja, wapi! Kilichomwamsha ni mabakuli ya watu yaliyojaa jikoni. Cha mtu lazima kirudi. Akaoga, akachana nywele, akageuza bakuli la kwanza, akasoma jina, akaenda. Na huko huachwi mlangoni: unakalishwa, unapewa kahawa, unalia, unacheka kidogo. Kesho yake bakuli lingine. Jina linabandikwa ili mfiwa atoke nyumbani! Na wewe ndiye uliyekuwa ukimbebea, mtoto wa miaka tisa, kila mlango unaujua. Ulisahau, au ukweli haukuuzika?

Mama hafiki mbali, Wendell. Njoo.

Dada yako,
Nadine


New York
17 Aprili 2018

Dada,

Natumai Mama ameamka salama. Mimi sijaamka salama, na sababu ni wewe.

Umesema yako, sasa sikiliza yangu. Kiwanda cha vioo kilipomtupa Baba nje, hao wenye mabakuli walikuwa wapi? Mwaka mzima hakuna aliyegonga mlango. Baba alishinda gereji akitengeneza redio ambayo haikuwa mbovu. Walingoja afe ndipo walete viazi vya jibini! Hasira hiyo ndiyo iliyoandika kitabu, na siiombei radhi. Kama nimekosea la selotepu, nimekosea sentensi moja. Sisimami mbele ya Bi. Stroud kama mtoto wa shule aliyeiba chaki.

Nitakuja Juni, nikimaliza safari za kitabu.

Mdogo wako,
Wendell


Pell Creek
28 Mei 2018

Wendell,

Hali sikuulizi. Nilikuona tulipomzika Mama Jumanne, miwani myeusi usoni, gari la kukodi linanguruma nyuma yako. Mchungaji hajafunga Biblia, wewe umeshaondoka. Uliogopa kushuka kile chumba cha chini kula na watu, na kila mtu alijua.

Chakula kililetwa. Wameudhika, lakini walileta. Hao ndio watu unaowaandika. Leo nimeosha mabakuli yao, yamejaa mezani, kwenye viti, juu ya friji. Nikageuza la kwanza nisome jina. Hakuna. La pili, hakuna. Yote, Wendell! Wamebandua selotepu, gundi bado inanata. Nani anataka kuchekwa kwenye televisheni? Hata Mama alibandua ya kwake kabla hajafa, wala hakuniambia.

Sasa mimi niende kwa nani? Nimelala chumbani kwake, nimeugeukia ukuta uleule. Wewe ndiye bingwa wa mji huu. Njoo basi uniambie hili la maua ya bluu ni la nani.

Dada yako,
Nadine


Jikoni kwa Mama
1 Juni 2018

Dada,

Pole. Nimeingia kwa mlango wa nyuma, nikakukuta umelala, sikutaka kukuamsha. Kuna supu jikoni, tafadhali kula.

Lile la maua ya bluu ni la Bi. Stroud, nililijua mara moja. Nimempelekea. Alifungua, akalitazama, nami nikaona kabisa kwamba amelijua. Akasema, "Si langu." Nikamwambia, "Bi. Stroud, nililibeba mwenyewe kuja hapa nikiwa mtoto." Akanijibu, "Langu lilikuwa na jina," akafunga mlango. Nimerudi nalo nimefura kwa hasira, na njia nzima sikujua nimemkasirikia nani.

Nimechemsha viazi. Navitia jibini nivioke kwenye bakuli la Mama, nimpelekee Bi. Stroud, na chini yake nitaandika V. Lutz kwa herufi kubwa. Asipofungua nitaliacha kizingitini. Apende asipende, cha mtu lazima kirudi, na akija kulirudisha utamkalisha umpe kahawa.

Ukiamka niambie, selotepu Mama alikuwa akiiweka droo gani?

Mdogo wako,
Wendell