Kofia ya Salim na Kiti cha Bibi Yako

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Hapa Mchafukoge sote wazima, ila shangazi yako bado ananisumbua tukigawe kiti cha bibi yako. Nawe umeuliza kwa nini nakataa.

Ujanani nilicheza kriketi na vijana wa mtaani kila Jumapili. Mwenzetu Salim alipofariki, mechi iliyofuata tulicheza pungufu, tukaweka kofia yake kwenye nyasi pale alipozoea kusimama kudaka. Jua la utosi, hata jani halitikisiki. Mpigaji wa timu ngeni akaupiga mpira juu sana, ukashuka kuelekea kwenye kofia. Hatukusikia ukianguka. Nyasi zilikuwa fupi, tukatafuta kote, mpira hatukuuona. Yule mpigaji, mgeni kabisa kwetu, akaanza kutoka uwanjani.

"Unaenda wapi?" mwamuzi akamuuliza.

"Si nimedakwa? Na yule mwenye kofia."

Hakuna aliyembishia. Tangu siku hiyo sina haraka ya kujaza nafasi ya mtu.

Ukija likizo, kalia changu. Kile cha bibi yako, kila asubuhi naututumua mto wake, na jioni naukuta umebonyea.

Babu yako