Chemchemi Tuliyoikana

Hyderabad, India
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Mulembe. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, na goti lako halikutesi sana kwa mvua hizi. Mama naye vipi? Kifua kimetulia, au bado anajidai mzima mpaka alale kabisa? Mimi mwili u mzima. Nakula, nafanya kazi, kanisa nimepata. Tuko Waafrika wachache na tunaimba kwa sauti kuliko wenyeji. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ipo. Tangu siku ile umenikatia simu mara mbili, na najua ni kwa kunihurumia. Barua hii anakuletea Barasa, yule wa Marachi niliyesoma naye huku. Amemaliza masomo, anarudi nyumbani. Mwamini, hakutumwa na mtu mwingine ila mimi.

Baba, sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Mama huwaambia watu kanisani kwamba nachora ramani, na si uongo. Naketi ghorofa ya sita mbele ya kompyuta, nikiangalia picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani. Wenye mabomba ya mafuta wa nchi nyingi huleta kazi zao hapa. Kwenye picha kuna mstari mwekundu, na hapo ndipo bomba litapita. Sisi tunatafuta kila kilicho karibu na mstari huo: shule, zahanati, kanisa, makaburi, chemchemi, kinamasi. Tukikiona tunakitia alama. Palipo na alama, bomba hukwepeshwa. Ikishindikana kulikwepesha, huwekwa la chuma kinene, hufukiwa chini zaidi, na vali ya kufungia huwekwa karibu ili likipasuka mafuta yazuiwe upesi. Pasipo na alama huhesabiwa ni pori tu. Hapo huwekwa bomba la kawaida, na vali iko mbali huko.

Rudia kusoma hapo juu, Baba, tafadhali. Alama hii ni ya kulinda, si ya kufukuza.

Majuzi nilipewa kipande kipya cha mstari. Nikakifungua, nikaona malori yamejipanga Malaba kama siafu, nikacheka peke yangu. Nikaufuata mstari kushuka upande wa Alupe, nikaona paa la kanisa letu, nikaona na bati la jikoni kwa mama, lile jipya. Nilifurahi mpaka jirani yangu wa meza akaja kuangalia. Halafu nikaona mstari unakata shamba letu, juu kidogo ya mikuyu. Chemchemi yenyewe haionekani kwenye picha kwa sababu miti imeifunika. Anayeijua ni yule aliyewahi kuinama pale na mtungi. Nikaitia alama.

Siku tatu baadaye alama haikuwepo. Nikamwendea meneja wangu, Suresh, mtu mpole, nikamwambia pale pana chemchemi, nimeinywa tangu nizaliwe. Akanifungulia fomu iliyoletwa na vijana waliopita kijijini na tableti. Makaburi, hakuna. Kinamasi, hakuna. Chemchemi, hakuna. Na chini sahihi ya mzee wa mtaa. Baba, hata ungeandika kwa mguu ningeijua sahihi yako.

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilikumbuka barabara ya mjini ilipopanuliwa. Shangazi Auma aliwakaribisha wapimaji kwa chai na mandazi, akawaonyesha mwisho wa kibanda chake mwenyewe, na kesho yake akakuta X nyekundu ya kubomolewa ukutani. Baada ya hapo nani alikupigia simu akakuambia, "Baba, akija mtu na tableti, sema hakuna kitu, wakiandika chako watakuhamisha"? Ni mimi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ila wewe hukuumwa, Baba. Nilikufundisha tu kushtuka. Nasikia mlikata hata migomba mkafunika njia ya kuteremkia majini. Mama ndiye aliyenisimulia, tena kwa kujivuna, yeye anayetuambia kila siku kwamba mficha uchi hazai.

Suresh akasema fomu inaweza kurekebishwa, lakini neno langu halitoshi kwa kuwa shamba ni la kwetu. Yule mzee aliyetia sahihi aseme mwenyewe kwenye simu, irekodiwe, na mtu wa Nairobi anayejua Kiswahili aisikilize. Wakanikataza kuongea nawe kabla, wasije wakasema nimekupanga. Kipande kilikuwa kinafungwa jioni hiyo. Mimi nikaona ni jambo jepesi: nampigia Baba, anasema iko, yamekwisha.

Ilikuwa mchana huku, asubuhi kwenu. Nikaweka spika. Nikakuambia niko na wakubwa wangu, simu inarekodiwa, wanauliza habari za chemchemi yetu. Nilisikia kuku wa mama.

"Chemichemi gani?" ukauliza.

"Ile ya mikuyu, Baba. Ile tunateka maji."

"Hapa hatuna chemichemi, kijana yangu. Si unajua? Sisi tunateka maji huko Alupe."

"Baba, sema tu ukweli. Hii ni ya kutusaidia."

"Ukweli ndio huo nimesema. Boss, kama unaniskia, hapa hakuna kitu. Ni nyasi tu."

Kisha ukashusha sauti: "Usiogope. Ile maneno uliniambia, nimeshika." Ukakata.

Ulidhani wamenibana. Ulidhani nasema nikiwa nimeshikwa shingo, na wewe huko ndiye wa kuniokoa. Baba, sijui siku nyingine uliyonionyesha mapenzi waziwazi namna ile, na sijui siku nyingine niliyoumia vile.

Suresh hajui Kiswahili. Akaniuliza umesema nini. Ningeweza kumdanganya, lakini rekodi ilikuwa inakwenda Nairobi, na huko tungeonekana waongo wawili. Nikamwambia, "Amesema hakuna." Akanivutia kiti nikae. Kipande ni changu, kwa hiyo kukifunga ni kazi yangu. Nikaandika hakuna, nikabonyeza.

Tangu hapo nimeandikia ofisi ya Nairobi mara nne. Mara ya kwanza walinijibu kwamba wamepokea. Sasa hawajibu. Suresh ananiambia kwa upole kwamba michoro imeshafika kwa wanaoagiza mabomba, na nikizidi kupiga kelele kuhusu shamba la babangu nitaondolewa kazini. Sisemi bomba litapasuka. Yako mengi yanayozeeka ardhini salama. Ninachosema ni kwamba likivuja, hata kidogo kidogo, wale watakaokuja watakuwa na ramani mkononi, na ramani itawaambia pale chini kuna nyasi tu. Hawatafikiria kwamba kuna watu wanaokunywa.

Chifu akiitisha baraza la bomba, simama useme iko. Watakucheka, mzee wa mtaa aliyetia sahihi uongo. Waambie mwanao ndiye aliyekupotosha, na uwaonyeshe barua hii. Sina tumaini kwamba itabadilisha kitu, nisikudanganye mara ya pili. Faili zikifungwa huku sijaona hata moja iliyofunguliwa kwa sababu ya mzee aliyesimama barazani. Lakini sitaki ife na sisi wote tumeikana.

Wasalimie nyumbani. Mama, mwambie nimemkumbuka na asinikasirikie kwa maneno ya migomba. Shangazi Auma huko Mundika, mwambie kosa halikuwa chai yake. Dada yangu Nekesa na watoto wake, waambie waanze kuzoea njia ya kwenda kuteka Alupe, ingawa ni mbali na kuna kilima. Na Kukhu, mamako, ambaye amekataa maji mengine yote tangu aolewe hapo, yeye usimwambie chochote. Mwache ayanywe.

Mimi mwanao uliyetaka kumwokoa,

Ojiambo